Kuishi Ncha ya Kusini: Ukitaka Kuelewa, Fuata Dizeli

Mahali ambapo mistari yote ya longitudo inakutana upande wa kusini wa dunia, chini ya theluji, kuna handaki la chuma lenye matangi 45 ya mafuta. Kila tangi linachukua galoni 10,000 za Kimarekani. Yakijaa yote unapata lita milioni 1.7 hivi, na hiyo ndiyo akiba inayoamua nani ataoga lini, nini kitapikwa na darubini ipi itaendelea kutazama anga katika miezi minane ambayo hakuna ndege inayotua.

Kituo kilichojengwa hapo kinaitwa Amundsen–Scott. Roald Amundsen wa Norwe alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911. Mwingereza Robert Falcon Scott alifika tarehe 17 Januari 1912, akakuta bendera ya mwenzake imeshasimikwa, akafia njiani wakati wa kurudi. Baada ya hapo palikaa kimya kwa zaidi ya miaka 40. Mwishoni mwa 1956 Marekani ilianza kujenga kituo kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, na wanaume 18 wakakaa hapo majira yote ya baridi ya 1957. Tangu hapo pana watu siku zote.

Habari nyingi za maisha ya huko huishia kwenye baridi. Baridi ipo, tena ya kutisha, lakini haina fumbo: unavaa, unajikaza, unarudi ndani. Kinachomchanganya msomaji ni zile kanuni ndogondogo. Kwa nini mtu aoge dakika mbili tu wakati amekalia barafu ya kina cha kilomita mbili na ushei? Kwa nini madirisha yanazibwa kwa maboksi? Kwa nini simu ya nyumbani ipigwe usiku wa manane mwezi huu, na baada ya miezi mitatu ipigwe jioni? Kwa nini mgonjwa asubiri miezi? Kila moja ina jibu lake, na ukiyafuatilia majibu hayo utajikuta mara nyingi umerudi kwenye matangi.

Mahali penyewe

Barafu chini ya kituo ina unene wa karibu kilomita 2.7, na uso wake uko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nchani ni nyepesi kuliko hewa ya mwinuko huohuo kwenye ikweta, kwa hiyo mwili unahisi uko juu ya mita 3,000 na zaidi. Mgeni huondoka McMurdo, kituo kikubwa cha Wamarekani kilicho ufukweni, na baada ya saa kama tatu angani anashushwa hapo. Anaambiwa apumzike, anywe maji kwa wingi, asibebe mizigo, asipande ngazi kwa pupa. Wengi huumwa kichwa hata wakitii.

Majira ya baridi joto huwa karibu nyuzi 60 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Siku ya baridi kuliko zote katika kumbukumbu za kituo ilikuwa Juni 1982, nyuzi 82.8 chini ya sifuri. Siku ya joto kuliko zote ilikuwa Krismasi ya 2011, nyuzi 12.3, nazo chini ya sifuri. Tangu vipimo vianze, hapajawahi kufika mahali pa barafu kuyeyuka yenyewe.

Hilo ndilo linaloleta tatizo la theluji. Inayoanguka ni kidogo, maana hewa ni kavu kiasi kwamba kitaalamu pale ni jangwa, lakini inayoanguka haiondoki. Kila mwaka tabaka jipya la sentimita 20 hivi linabaki, na upepo unaleta nyingine kutoka mbali na kuirundika nyuma ya chochote kilichosimama, kama mchanga wa pwani unavyojilundika nyuma ya ukuta. Kituo cha kwanza kilizikwa hivyo. Kuba la chuma lililokirithi mwaka 1975 nalo likaanza kumezwa. Jengo la sasa, lililozinduliwa Januari 2008, limeinuliwa juu ya nguzo, na upande wake unaopokea upepo umechongwa ili upepo ukaze mwendo unapopita chini ya sakafu na kuifagia theluji. Ikizidi nguvu, jengo zima linaweza kupandishwa kwa jeki.

Tena barafu yenyewe inatembea, karibu mita 10 kwa mwaka, pamoja na kila kilicho juu yake. Ncha ya dunia haiondoki na barafu. Kwa hiyo kila tarehe 1 Januari wakazi hutoka nje na kusimika alama mpya ya ncha, iliyobuniwa na kutengenezwa na kikosi kilichokaa majira ya baridi yaliyopita. Alama za miaka ya nyuma zikiachwa mahali pake zingekuwa foleni inayosogea polepole kuelekea baharini.

Dizeli inavyofika

Mara moja kwa mwaka meli ya mafuta huingia McMurdo nyuma ya meli inayovunja barafu. Kutoka hapo hadi nchani ni kama kilomita 1,350 kwa ndege. Kwa miongo kadhaa kila lita ilipanda kwa ndege za LC-130, zile Hercules zilizofungwa mbao za kutelezea badala ya kutegemea magurudumu. Ndege ikishatua hainyamazishi injini, kwa kuwa injini iliyozimwa kwenye baridi ile inaweza isiwake tena. Hapohapo inaunganishwa mpira na kumimina mafuta kutoka matangi yake yenyewe, ikibakiza ya kurudia. Ukipiga hesabu utaona ubaya wake: ndege inachoma mafuta mengi ili kuleta mafuta.

Ndiyo sababu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, kazi kubwa imehamia kwa msafara wa matrekta. Yanatoka McMurdo, yanakata jukwaa la barafu la Ross, yanapanda milima kupitia barafuto la Leverett na kuvuka uwanda wa juu, jumla kilomita 1,600 hivi, kila moja likikokota mifuko mikubwa ya mafuta iliyolazwa juu ya mashuka ya plastiki nzito. Ni safari ya majuma kadhaa kwenda tu. Mafuta ya msafara mmoja yanaokoa makumi ya safari za ndege.

Katikati ya Februari ndege ya mwisho inaondoka. Baada ya hapo joto linashuka chini ya kiwango ambacho LC-130 inaweza kuvumilia: mafuta ya haidroliki yanakuwa mazito, raba zinakakamaa, na mafuta ya injini yenyewe yanakaribia kuganda. Kituo kinafungwa hadi mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Watu wanaobaki wanapungua kutoka 150 hivi wa kiangazi hadi arobaini na kitu.

Sasa tuyafuate mafuta ndani ya nyumba. Yanaingia kwenye jenereta, na jenereta zinatoa vitu viwili: umeme na joto. Joto ambalo kwetu lingepotea kwenye rejeta hapa linakamatwa na kuzungushwa kwa mabomba ili kupasha vyumba na kutengeneza maji. Maji ndiyo kazi ngumu. Zamani watu walitoka nje na makoleo, wakachota theluji na kuitupa kwenye tangi la kuyeyushia, zamu kwa zamu, baridi au isiwe baridi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 wanatumia kisima cha Rodriguez, mbinu ya mhandisi wa jeshi la Marekani iliyojaribiwa kwanza Greenland. Unatoboa hadi upite theluji laini na kufika kwenye barafu isiyovuja, unashusha maji ya moto, barafu inayeyuka na kufanya bwawa ndani kwa ndani, kisha unavuta maji juu, unatumia mengine, mengine unayapasha na kuyarudisha ili bwawa lisigande. Kisima kinazidi kushuka mwaka hadi mwaka. Kikifika kina ambacho pampu inalemewa, kinaachwa na kugeuzwa shimo la maji taka, na kipya kinachimbwa.

Kwa hiyo kuoga ni dakika mbili za maji, mara mbili kwa wiki. Barafu haitaisha leo wala kesho. Kinachobanwa ni joto la kuigeuza maji, na joto hilo limehesabiwa tangu Februari. Unalowa, unafunga bomba, unajipaka sabuni ukitetemeka kidogo, unafungua, unajisuuza. Kufua nako kuna mgawo wake.

Nimependa jambo moja kuhusu kisima hicho. Barafu inayoyeyushwa ni theluji iliyoanguka mamia ya miaka iliyopita, na pamoja nayo ilianguka vumbi kutoka angani, chembe za vimondo ndogo kuliko punje ya mchanga. Barafu ikiyeyuka chembe hizo huzama chini ya bwawa. Katika miaka ya 1990 watafiti walishusha kifaa cha kufyonza, wakasafisha sakafu ya kisima na kuibuka na maelfu ya vimondo hivyo. Maji ya kunywa na maabara, shimo moja.

Nani anafanya kazi huko

Tukisema kituo cha utafiti, akili inakwenda kwa mwanasayansi. Wapo, ila majira ya baridi ni wachache. Wengi ni fundi bomba, fundi umeme, makanika wa jenereta, makanika wa mitambo mizito, seremala, mtunza stoo, wapishi, mtu wa kompyuta na mawasiliano, mtabiri wa hali ya hewa, daktari na msaidizi wake. Wiki ya kazi ni siku sita, saa tisa kwa siku. Jumapili mapumziko. Juu ya kazi yake, kila mmoja ana zamu ya usafi, iwe ni kudeki korido, kusugua choo au kuosha vyombo, na cheo hakimwokoi mtu.

Halafu kuna kazi ya tatu isiyoonekana. Hakuna zimamoto wa kuitwa, kwa hiyo zimamoto ni wao. Kila mtu yumo katika kikosi fulani cha dharura, na mpishi anaweza kuwa ndiye anayevaa mtungi wa hewa mgongoni king'ora kikilia usiku. Moto ndio unaoogopwa kuliko baridi. Hewa ni kavu, majengo yamejaa vitu vinavyowaka, na nyumba ikiungua hakuna kwa jirani. Kwa sababu hiyo sehemu moja ya jengo imetengwa na kupewa jenereta yake, ili iliyobaki ikiharibika watu wajifungie humo.

Fundi bomba anastahili aya yake. Mabomba ya maji safi na maji taka hupita kwenye mahandaki yaliyochimbwa ndani ya barafu, ambako joto ni karibu nyuzi 50 chini ya sifuri mwaka mzima, kiangazi na baridi sawasawa. Yamefungwa vizuizi vya baridi na nyaya za kuyapasha. Waya mmoja ukikata na hakuna aliyegundua, maji yanaganda, na bomba likipasuka kituo kizima kinajua maana ya kukosa choo. Kwa hiyo fundi anashuka, anatembea kwa kuinama kwenye korido nyeupe inayobanwa kidogo kila mwaka na uzito wa barafu, anagusa, anapima, anasikiliza. Katika kuta za mahandaki hayo vikosi vya miaka iliyopita vimechonga vishubaka na kuweka vitu vya ukumbusho. Kimoja kina samaki mzima aliyegandishwa, mkubwa, ambaye hataoza kamwe.

Jikoni nako kuna fizikia yake. Kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 90 tu. Maharage yanaweza kuchemka mchana kutwa na bado yakagoma, mchele unabaki na kiini, na keki iliyopikwa kwa vipimo vya nyumbani inaumuka kupita kiasi kisha inabonyea. Sufuria ya presha inaokoa. Nyama haina shida ya friji, maana akiba iko nje. Shida ni kinyume chake: mpishi lazima akumbuke siku kadhaa kabla kuingiza ndani anachotaka kupika, maana kipande kilichoganda kwa nyuzi 60 hakiyeyuki kwa haraka. Mboga na matunda mabichi ya ndege ya mwisho yakiisha, kinachobaki ni chumba kidogo cha kilimo cha maji, bila udongo, chenye taa kali, kinachotoa majani ya saladi, mitishamba, matango na nyanya kiasi. Mavuno ni ya kugawana vipande. Hata hivyo watu huenda kukaa humo bila sababu nyingine, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye unyevunyevu, harufu ya majani na rangi ya kijani.

Siku isiyo na asubuhi

Jua huchomoza mara moja kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Septemba, na kutua mara moja, karibu na tarehe 21 Machi. Kiangazi linazunguka angani kwa urefu uleule kutwa nzima bila kupanda wala kushuka. Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza tungekuwa mashakani: saa moja asubuhi inakuja Septemba. Mwanga wa machweo ya Machi unachukua wiki kadhaa kuzima, na giza totoro ni kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Mwezi nao una utaratibu wake, unakaa juu wiki mbili bila kutua, kisha unapotea wiki mbili.

Kwa kuwa longitudo zote zinakutana hapo, kila saa ya dunia ni sahihi. Kituo kinafuata saa za New Zealand kwa sababu ya kawaida kabisa: ndege, mizigo na simu za ofisi zinapitia Christchurch.

Usiku huo mrefu na hewa ya huko ndivyo vinavyowapeleka wanaastronomia. Hewa kavu, nyembamba na tulivu inapitisha mionzi ambayo mahali pengine ingemezwa na mvuke. Darubini ya Ncha ya Kusini, yenye sahani ya mita 10, ilianza kazi mwaka 2007 ikipima mwangwi wa joto uliobaki tangu ulimwengu ulipoanza. Ili kamera zinazopiga picha za aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani, zisisumbuliwe, madirisha ya kituo huzibwa kwa maboksi majira ya baridi, taa za nje zinazimwa, na anayetoka huvaa taa nyekundu kichwani. Njia ya kutoka jengo kuu hadi kwenye darubini ina bendera zilizopangwa mstari. Katika dhoruba unakwenda kutoka bendera moja hadi nyingine. Usipoiona inayofuata, unasimama.

Karibu nayo kuna IceCube, ambayo huioni hata ukisimama juu yake. Ilipokamilika ilikuwa na vihisi 5,160 vilivyoning'inizwa kwenye nyaya 86 ndani ya barafu, kina cha mita 1,450 hadi 2,450, vikikodolea macho kilomita nzima ya ujazo wa barafu angavu. Vinangoja nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu, moja moja igonge atomu na kutoa mwanga hafifu wa buluu. Ujenzi ulimalizika Desemba 2010, na mwaka 2013 watafiti wakatangaza nyutrino za nguvu kubwa kutoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua. Watu wawili tu hubaki majira ya baridi kuuhudumia mtambo huo. Mashine ikikwama usiku wa saa nane, wao ndio wanaoamshwa.

Upande unakotoka upepo kuna eneo ambalo ni marufuku kupita na mtambo wowote, kwa ajili ya vipimo vya hewa. Hewa ukaa imepimwa hapo tangu 1957, mapema hata kuliko Mauna Loa, Hawaii. Anayechukua sampuli husimama upande wa upepo na kuzuia pumzi kabla ya kufungua chupa, kwa sababu pumzi ya mtu mmoja inatosha kuharibu kipimo. Mwezi Mei 2016 kipimo cha hapo kilipita sehemu 400 kwa kila sehemu milioni za hewa, mahali pasipo na gari la abiria wala kiwanda kwa maelfu ya kilomita.

Simu na diski

Satelaiti nyingi za mawasiliano zimetundikwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Aliye Nairobi anaziona juu ya kichwa. Aliye nchani hazioni kabisa, mviringo wa dunia unamkinga. Kwa miaka mingi kituo kimeishi kwa satelaiti kuukuu, ambazo mafuta ya kuzishikilia mahali pake yamekwisha na zimeanza kuyumba kaskazini na kusini. Zikiyumba kusini zinachungulia kwa saa chache, ndipo intaneti ya maana inapopatikana. Na kwa sababu dunia hujizungusha mara moja kwa dakika kama nne pungufu ya saa 24 ukiipima kwa nyota, dirisha hilo linawahi dakika hizo kila siku. Linaanza saa sita usiku, baada ya miezi kama mitatu limefika jioni, kisha mchana ukiwa kazini. Mama anayetaka kuongea na mtoto wake hutengeneza kalenda ya satelaiti kwanza. Simu za Iridium, mtandao wa satelaiti zinazopita juu ya ncha, zipo muda wote, lakini ni za sauti na maneno machache.

IceCube peke yake hutuma gigabaiti 100 hivi kwa siku kupitia hapo, ikiwa imeshachuja. Data ghafi zinabaki kwenye diski. Aprili 2017 darubini ya Ncha ya Kusini ilishiriki katika mradi wa kupiga picha mashimo meusi, pamoja na darubini nyingine kadhaa duniani. Wenzake walisafirisha diski zao baada ya siku chache. Za Ncha ya Kusini zilikaa kwenye rafu hadi ndege ziliporudi, zikafika Marekani Desemba, na wanasayansi wa mabara mengine walikaa wakizingoja. Picha ya shimo jeusi lililo katikati ya kundi letu la nyota ilitolewa Mei 2022.

Mwili na akili

Kila anayebaki hupimwa damu, moyo, meno na akili kabla ya kuruhusiwa. Jino bovu linaloweza kusubiri kwenu linaweza kukunyima kazi huko. Kuna sababu. Mwaka 1999 daktari wa kituo, Jerri Nielsen, aligundua uvimbe kwenye titi lake wakati wa majira ya baridi. Yeye ndiye alikuwa daktari pekee. Alijichukulia sampuli kwa msaada wa wenzake wasio wauguzi, akatuma picha kwa satelaiti, na Julai ndege ya jeshi ikapita gizani kudondosha dawa za saratani bila kutua. Alijitibu hadi Oktoba, LC-130 ilipojitosa katika baridi ya mwisho kabisa wa uwezo wake na kumchukua. Aliishi miaka mingine karibu kumi. Mwaka uliofuata, 2000, mwanafizikia mmoja alifariki kituoni mwezi Mei. Mwili wake ulingoja hadi Oktoba.

Tangu 2001 kumekuwa na uokoaji wa katikati ya msimu unaofanywa na ndege ndogo za Twin Otter, ambazo huvumilia baridi kali zaidi. Juni 2016 wafanyakazi wawili walichukuliwa gizani. Ni safari ya siku nyingi kutoka Kanada, na rubani akikuta hali mbaya anarudi.

Ugonjwa wa kila mtu ni mwingine. Kufikia Julai watu wanaingia stoo na kusahau walichofuata, wanakatika katikati ya sentensi, wanatazama ukuta. Homoni ya tezi iitwayo T3 hubadilika kwa wakaao kwenye baridi ya muda mrefu, na kukosa jua kunavuruga usingizi. Mwaka 2019 watafiti waliowapima watu tisa waliokaa miezi 14 kwenye kituo cha Wajerumani cha Neumayer III walikuta sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na kumbukumbu imesinyaa. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, kwenye kituo cha Waingereza cha Rothera, ulikuta kwamba watu 11 waliofungiwa pamoja majira ya baridi walianza kubadilisha lafudhi bila kujua. Watu wachache, miezi michache, na ulimi umeshaanza safari yake.

Wanajitafutia dawa. Tarehe 21 Juni, katikati ya usiku mrefu, vituo vyote vya Antaktika hutumiana kadi za salamu na kufanya karamu. Joto likishuka hadi nyuzi 73 chini ya sifuri, ambazo ni 100 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, wengine hukaa kwenye chumba cha mvuke chenye nyuzi 200 za Farenhaiti, kisha hutoka uchi, viatu miguuni, kwenda kugusa alama ya ncha na kurudi. Tofauti ni nyuzi 300, na ndiyo tikiti ya kuingia kwenye klabu yao. Mimi ningebaki na wanaoshika kamera.

Ila kisichelewe kusemwa kisichochekesha. Mwanamke hakukanyaga Ncha ya Kusini hadi Novemba 1969, na wa kwanza kukaa majira ya baridi alikaa yale ya 1979. Mwaka 2022 taasisi ya Marekani inayosimamia vituo hivyo ilitoa ripoti ambamo zaidi ya nusu ya wanawake walioulizwa walisema wamewahi kunyanyaswa au kushambuliwa kingono wakiwa huko. Mahali ambapo mlango wa kutoka umefungwa hadi Novemba, aliyekukosea unakutana naye kwenye chakula mara tatu kwa siku. Mapema 2025 kituo cha Afrika Kusini, SANAE IV, kiliingia kwenye habari za dunia baada ya mmoja wa wakazi wake kuandika barua pepe ya kuomba msaada dhidi ya mwenzake. Baridi haikumfanya mtu yule kuwa hivyo. Umbali ulifanya iwe vigumu kumwondoa.

SANAE IV, kwa taarifa, ndicho kituo cha nchi pekee ya Afrika yenye kituo huko. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, unaolitenga bara hilo kwa ajili ya amani na sayansi. Kikosi chake cha majira ya baridi ni watu kama kumi, na katika hao kumi utakuta makanika wa dizeli na fundi umeme pamoja na daktari, na meli yao hutoka Cape Town.

Anayetaka kwenda Ncha ya Kusini yenyewe ajue kwamba kazi nyingi za ufundi na jikoni zinapitia kwa mkandarasi wa Marekani na zinahitaji uraia au ukaazi wa huko. Zile nafasi mbili za IceCube zimewahi kushikwa na watu wa mataifa mbalimbali. Hutangazwa kila mwaka, zikitaka msomi wa fizikia, uhandisi au kompyuta anayeijua Linux vizuri, aliye tayari kukaa mwaka mzima, mwenye meno mazima.